Mkono Uliosomewa Halbadiri

Kwenye kliniki ya sukari hospitali ya Chake Chake mtu hutobolewa kidole kabla hajaonana na daktari, na mimi kila mara nilitoa mkono wa kushoto. Wa kulia niliutia mfukoni mwa kanzu, na nikikaa kwenye benchi niliukalia kabisa, upande wa paja, kama mtu anayeficha kitu kwa watoto. Aliyeniona alidhani ni mzee mwenye kujiona. Na mimi nilimwacha adhani hivyo, maana kuonekana mwenye kibri kulikuwa nafuu kwangu.

Siku moja muuguzi, binti niliyemsomesha mwenyewe na ambaye hadi leo huniamkia kwa adabu zote, alivishika vidole vyangu vya kushoto akavigeuzageuza kama anayechagua bamia sokoni.

"Mwalimu, vyanda hivi vishatobolewa mpaka vishakuwa vigumu. Leo nipe nkono wa pili."

Nikamwambia huo unauma. Akaniuliza unauma nini. Nikamwambia unauma tu, afanye kazi yake. Nilisema kwa sauti ile ile niliyokuwa nikiitumia darasani, na hilo ndilo lililoniponza, kwa sababu benchi zima liligeuka kunitazama. Binti hakutishika. Alinyoosha mkono wake akangoja, na watu nao wakangoja, mpaka nikaona kuendelea kukataa ni kujianika zaidi. Nikautoa.

Kidole cha pete kilikuwa kimeinama mpaka hakionekani ncha. Kidole kidogo kilikuwa kimelala kabisa ndani ya kiganja, ukucha wake umegusa ngozi. Binti alitazama, akatoboa cha kati. Lakini bibi mmoja aliyekaa karibu yangu, mtu wa kwetu Vitongoji, aliuvuta ukingo wa buibui lake kidogo, upande wa mbali na mimi. Niliona aibu kiasi cha kwamba sikusikia sukari yangu ilikuwa ngapi.

Asiyekuwa mtu wa Pemba atauliza vidole viwili vina aibu gani. Wazee hupinda. Magoti hukataa, migongo hukataa, hakuna anayecheka. Basi inanibidi nieleze habari ya gunia.

Jirani yangu aliibiwa gunia la karafuu. Ulikuwa msimu mzuri, kila ua umetandikwa majamvi, na yeye alikwisha kausha, keshachambua vikonyo, gunia limeshonwa na kuwekwa ukumbini lingoje gari ya kwenda kupimwa. Asubuhi halikuwepo. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na mstari wa minanasi, na mashamba yetu yamepakana pia. Ni mtu mkubwa kwangu kwa umri, mpole, asiyependa maneno. Alikwenda kituo cha polisi, na aliporudi alisema atasomesha Halbadiri.

Kwetu mtu akiibiwa na asimjue mwizi, hiyo ndiyo njia inayoogopwa kweli. Hukusanyika mashehe na majirani, hufukizwa ubani, husomwa majina ya watu wa Badri, masahaba waliopigana vita pamoja na Mtume, kisha huombwa aliyechukua adhihirike. Hutangazwa kabla, ili mwenye kurudisha arudishe. Asiporudisha, watu hukaa wakingoja. Hungoja tumbo limfure mtu, au mdomo umwende upande, au kiungo kimpinde. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya jambo hilo na mimi si mmoja wao. Nilikuwa mwalimu wa sayansi na hesabu wa skuli ya msingi. Ninachojua ni kwamba kijiji kizima hungoja, na kijiji kikingoja hakikosi cha kuona.

Siku ya kisomo nilikuwepo. Nilikaa mstari wa mbele kama jirani mwema, nikanywa kahawa, nikala haluwa, na ilipofika dua niliitikia amina pamoja na wenzangu, viganja vyangu vyote viwili viko wazi mbele ya uso. Nakumbuka vizuri kwamba vilikuwa wazi.

Siwezi kusema ni lini hasa kile kivimbe kilianza. Kilikuwa kidogo, kigumu, chini ya kidole cha pete, mahali ambapo mpini wa jembe hugusa. Nikadhani ni sugu. Nikiapishwa leo kama kilikuwepo kabla ya kisomo au kilikuja baada yake, sina jibu, na nimeutafuta ukweli wa jambo hilo kuliko nilivyotafuta kitu chochote maishani mwangu. Baadaye kikawa kama kamba chini ya ngozi, ikipanda kutoka kiganjani kwenda kidoleni. Haikuuma. Ingeuma ningekwenda hospitali mapema. Siku moja ninatawadha, napeleka maji usoni, kidole cha pete kikanichoma jicho, na hapo ndipo nilipojua kwamba hakinyooki.

Nilijaribu kukinyoosha mwenyewe. Nilikilaza kiganja kwenye meza nikakibana kidole kwa mkono wa pili mpaka jasho likanitoka. Nilipaka mafuta ya nyonyo, nikafunga kijiti. Kikabaki vile vile, na baada ya muda kidole kidogo nacho kikafuata.

Aliyenigundua kwanza ni mtu mmoja kwenye khitma. Tulikuwa kwenye sinia, na mimi nilikuwa nimeshajifunza kula kwa vidole vitatu huku viwili vimejikunja. Yule bwana aliutazama mkono wangu unavyokwenda na kurudi, kisha akainua macho akamtazama jirani yangu aliyekaa sinia ya pili, kisha akaendelea kula.

Baada ya hapo nilijua bila ya kuambiwa. Barazani mazungumzo yalikuwa yanakatika ninapopita, halafu yanaanza tena kwa habari ya mvua. Mwanangu wa kike, aliyeolewa Wete, ndiye aliyenifikishia, na alilia alipokuwa akinambia: wanasema mkono wa Mwalimu umefumba, kile alichokishika hataki kukiachia. Afadhali wangeniita mkono wa birika. Uchoyo ni aibu ndogo, mtu huitoa kwa kuwanunulia watu kahawa. Hii ilikuwa aibu isiyokuwa na mlango. Hakuna aliyenishtaki, basi nitamjibu nani? Ningesimama msikitini nikasema, "Jamani, mimi sikuchukua gunia," ningekuwa nimejitaja mwenyewe kabla ya kutajwa.

Na sikuchukua. Naliandika hilo mara moja tu, sitalirudia, maana kila ninapolirudia hujisikia mwenyewe kama mtu anayedanganya.

Ajabu ni kwamba nilianza kujichunguza. Mtu aliyesimama mbele ya watoto miaka na miaka akiwafundisha kwamba kila ugonjwa una sababu yake, malaria ina mbu wake na kipindupindu kina maji yake, alikuwa akikaa peke yake shambani akitafuta alichoiba. Nililikumbuka embe la jirani nilipokuwa mtoto. Nikakumbuka chaki. Nilikuwa nikirudi na chaki nyumbani, vipande vipande mfukoni, kuwaandikia wanangu hesabu mlangoni, na vipande vikijumlishwa vyote huenda vikajaza boksi. Nikajiuliza kwa dhati kabisa kama watu wa Badri wanaweza kumshika mtu kwa chaki za serikali. Nacheka sasa ninapoandika. Wakati ule sikucheka.

Msikitini nilihamia mwisho wa safu, ukutani, upande wa kulia, ili nikitoa salamu mtu awe kushoto kwangu tu. Nikisujudu kiganja hakilali, kinasimama juu ya vifundo vya vidole kama kaa. Nilimuuliza imamu kama sala inasihi, akanijibu kwa upole kwamba mwenye udhuru ana udhuru wake. Lakini kabla ya kunijibu aliutazama mkono.

Jirani yangu ndiye aliyenitesa zaidi, kwa wema wake. Hakubadilika. Mwezi wa Ramadhani sahani ya futari ilikuja kwetu kutoka kwake kama kawaida, na tukikutana njiani alinisalimia, "Wambaje, Mwalimu?" kwa sauti ile ile. Ningependa anitukane. Mtu akikutukana unapata pa kuanzia.

Kuhusu mke wangu, niliona nina bahati. Alianza kunifunga vifungo vya kanzu bila ya kuombwa. Alinimenyea machungwa, alinikatia nyama ndogo ndogo, alinishikia ndoo ya kisimani. Hakuwahi kuniuliza habari ya mkono wala ya gunia. Nilikuwa namtazama anavyohangaika na kifungo cha shingoni, kichwa ameinamisha, nikawa nasema moyoni kwamba duniani yuko mtu mmoja anayeniamini, na huyo ananitosha.

Haya yote yalikuwa nyuma yangu siku ile binti aliponitoboa kidole cha mkono wa kulia. Aliandika matokeo, kisha akaniongoza kwa daktari wa kliniki, na daktari wa kliniki akasema wiki ile yuko mpasuaji wa mifupa na mikono amekuja na kambi ya madaktari, nisiondoke. Nilitaka kuondoka. Binti alikaa mlangoni kama askari.

Mpasuaji alikuwa kijana, na alipofungua mdomo nilijua ni mtu wa mjini Unguja. Hakuuliza lolote kwanza. Alisema, "Mwalimu, weka kiganja juu ya meza, kilale." Nikaweka. Hakikulala; pakabaki nafasi chini yake ya kupitisha panya. Akapapasa ile kamba kwa kidole gumba, polepole, kutoka kiganjani mpaka kwenye kifundo.

"Hii si mshipa," akasema. "Watu hudhani ni mshipa umejikaza. Chini ya ngozi ya kiganja kila mtu ana utando mgumu. Kwa baadhi ya watu utando huo hunenepa, hujivuta, huwa kama utepe, na utepe ukifupika huvuta kidole."

"Unasababishwa na nini?"

"Hatujui yote. Umri umo. Kisukari kimo, watu wa kisukari huwapata zaidi. Na ukoo. Kuna mtu kwenu alikuwa nao?"

Nikataka kusema hapana. Kisha nikamkumbuka baba yangu mkubwa, aliyekuwa akikaa Msuka. Tulipokuwa watoto tukienda kwake tulikuwa tukining'iniza vikapu kwenye kidole chake kidogo, kwa sababu kilikuwa kimepinda na hakikunyooka hata akilala. Alituambia ni kazi ya kuvuta mishipi ya samaki, na sisi tuliona ni kitu kizuri, tukitamani vyetu vipinde. Amekufa mtu mwenye heshima zake. Hakuna aliyemsomea kitu.

Nilimweleza daktari habari hiyo. Yeye aliandika neno moja akaendelea. Kwake ilikuwa habari ya ukoo. Mimi nilikuwa nataka kumchukua nimpakie kwenye bodaboda mpaka Vitongoji, nimpe kipaza sauti cha msikiti, aseme yale yale kwa mpangilio ule ule: umri, kisukari, ukoo.

Nikamuuliza kama atanipasua.

"Zamani ningekupasua kiganja kizima, nikashona, ukakaa na bandeji wiki nyingi. Wengine bado inabidi. Wewe utepe wako unaonekana vizuri, nitautumia sindano. Nakutia ganzi kidogo, ncha ya sindano inaingia kwenye ngozi, inaukwaruza utepe mpaka unalegea, halafu nakinyoosha kidole unakatika wenyewe. Hakuna kisu, hakuna uzi. Unarudi nyumbani siku hiyo hiyo." Akaongeza kwamba wako wanaotiwa dawa ya kuuyeyusha utepe huo, lakini dawa hiyo kwetu haipo. Kisha akanieleza mabaya yake, na nilimpenda kwa hilo: ngozi huweza kuchanika, neva huweza kuguswa, na utepe huweza kurudi baada ya miaka.

"Ukirudi?"

"Tutauchoma tena, Mwalimu."

Alinipa miadi kabla kambi haijafungwa. Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu yote, kwa kumchorea, maana ualimu hautoki. Nilichora kiganja, nikachora utando, nikachora utepe. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama sindano ni kubwa. Nikamwambia ndogo. Akasema, "Mungu atajaalia," akaenda kuepua chungu.

Siku yenyewe nililazwa mkono kwenye kitambaa cha kijani, chini ya taa. Ganzi ndiyo iliyouma. Baadaye nilihisi msukumo tu, kama mtu anayeandika kiganjani mwangu kwa kalamu isiyo na wino. Daktari aliniambia nikihisi umeme kwenye ncha ya kidole nimwambie upesi, na kila mara aliniuliza, "Umeme?" na mimi, "Hakuna." Alianzia juu akishuka, anachoma, anakwaruza, anajaribu kukinyoosha, anachoma tena. Kisha akaweka sindano pembeni, akakishika kidole cha pete kwa mkono wake wote, akakivuta taratibu kuelekea nyuma.

Pakatoka mlio. Mdogo, mkavu, kama kikonyo cha karafuu kinapovunjwa. Kidole kikaenda. Akafanya hivyo hivyo kwa kidole kidogo, ambacho kilikwenda lakini hakikufika. Kifundo chake kilikwisha zoea, akasema, na kitabaki na pindo kidogo.

Akaniambia nitazame. Kiganja changu kilikuwa wazi mbele yangu. Pale vidole vilipolala muda wote huo ngozi ilikuwa nyeupe, laini, yenye unyevu, na vitundu vyekundu vya sindano vimejipanga. Hamkuwa na kitu. Najua ni upuuzi, lakini nilitazama kuhakikisha. Nililia mbele ya kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, nikaona haya kwa kulia, nikalia zaidi. Yeye akadhani ganzi imekwisha, akauliza kama nataka dawa ya maumivu.

Nilipewa banzi la plastiki la kuvaa ninapolala, na mazoezi: kutia mkono kwenye maji ya vuguvugu, kuulaza mezani, kukivuta kila kidole nyuma taratibu. Mke wangu aliyachukua mazoezi hayo kama amri ya dini. Kila mchana baada ya chakula alileta beseni, akakaa mbele yangu, akautia mkono wangu majini, akaanza kuvivuta vidole kimoja kimoja. Sikumbuki tangu ujana wetu kama aliwahi kuushika mkono wangu muda mrefu hivyo. Vitundu vilifunga haraka. Ile kanzu nyeupe nikaanza kuifunga vifungo mwenyewe.

Ijumaa nilipojiona nimepona nilikwenda msikitini mapema. Sikwenda ukutani. Nilikaa safu ya mbele, katikati, na niliposujudu viganja vyote viwili vililala kwenye mkeka, kile kidole kidogo tu kimeinua mgongo. Sijawahi kusujudu kwa furaha kama ile na sidhani kama nitasujudu tena hivyo. Baada ya salamu niligeuka kulia na kushoto nikatoa mkono kama nagawa sadaka. Watu waliupokea. Waliushika kidogo zaidi ya kawaida, wakautazama, wakanitazama, na nyuso zao zilikuwa laini. Mmoja akasema, "Hongera, Mwalimu. Mtu kutua mzigo ni jambo kubwa." Nikamshukuru. Nikaanza kumweleza habari ya utando, lakini alikuwa ameshageukia mwingine.

Nje, penye viatu, jirani yangu alikuwa ananingoja. Nilimpa mkono kabla hajautaka. Huyo hasa ndiye niliyetaka auone. Aliupokea kwa mikono yake miwili, akaufunika.

"Nshakusamehe, Mwalimu," akasema. Hakunong'ona, wala hakupaza sauti. "Nlikusamehe tangu siku ile alokuja mkeo."

Sikuelewa. Nikamuuliza alikuja lini.

"Kabla hujenda kwa daktari. Kalia sana, maskini. Kasema mie nkiwa na kinyongo na weye, hiyo sindano haitofua dafu. Kaniomba nikuachie. Nkamwambia nshamwachia, na gunia sitaki kulipwa, na waliosoma nami nshawambia yaishe." Akanipigapiga mgongo wa mkono. "Basi ona, nkono ushafunguka."

Watu walikuwa wameinama wakitafuta viatu vyao, na walikuwa wakivitafuta kwa muda mrefu kupita kiasi. Nilikuwa na kila kitu cha kusema. Nilikuwa na kisukari, nilikuwa na baba yangu mkubwa wa Msuka, nilikuwa na jina la daktari na mchoro niliouchora. Nilikuwa na miaka ya kunyamaza iliyokuwa ikingoja nafasi hiyo. Na mbele yangu alikuwa mtu aliyeibiwa kweli, aliyesamehe kweli, ameushika mkono wangu. Nikisema sikuchukua, nimemfanya mke wangu muongo mlangoni pa msikiti siku ya Ijumaa, na nimemrudishia jirani yangu msamaha wake usoni.

Nikasema, "Ahsante, Mzee."

Nikavaa viatu. Aibu niliyoibeba wakati mkono umefumba ilikuwa ya kushukiwa, na mtu anayeshukiwa bado ana upande wake. Sasa nilikuwa nimeshukuru. Njia nzima ya kurudi nyumbani watu walinisalimia kwa uchangamfu ambao sikuuona tangu lile gunia lipotee, na kila salamu nilitamani ardhi inimeze.

Nilifika nikiwa na hasira. Nilikuwa nimepanga maneno, na mimi nikipanga maneno huwa makali, wanangu wanajua. Mke wangu alikuwa amekwisha weka beseni. Alinitazama uso, akajua, lakini akanyoosha mkono wake tu kuutaka wangu. Nikampa. Akautia majini.

"Ulikwenda kwa jirani," nikasema.

"Nlikwenda."

"Ukamwambia mimi nimechukua gunia lake."

"Nlimwambia akusamehe."

Akakishika kidole cha pete, akaanza kukivuta nyuma, taratibu, kama alivyofundishwa. Vidole vyake mwenyewe vilikuwa vimekunjamana kwa maji. Hasira yangu ilikuwa bado ipo lakini sikuona mahali pa kuitua. Nikafikiria vile vifungo vya kanzu. Nikafikiria machungwa, nyama iliyokatwa, ndoo. Yote hayo alimfanyia mtu ambaye alijua, alivyojua yeye, kwamba ni mwizi, na hakuacha hata siku moja, wala hakupunguza.

"Miaka yote hiyo," nikasema. "Mbona hukuniuliza?"

Alihamia kidole kidogo, kile kisichofika. Alikivuta mpaka kiasi chake, akakishikilia hapo.

"Nliogopa utanijibu."

Niliona haya kwa ajili yangu na niliona haya kwa ajili yake, kwamba alilala na hofu hiyo ubavuni pangu na mimi nikaiita imani. Kisha nikasema lile neno nililoahidi sitalirudia. Nililisema taratibu, nikimtazama yeye, bila ya sauti ya darasani.

"Mimi sikuchukua."

"Hewala, Mwalimu," akasema kwa upole, kama unavyomwambia mgonjwa. Hakuinua macho. Aliyagusa maji kwa mgongo wa mkono wake, akaona yamepoa, akaniambia nisiutoe mkono, anakwenda kuongeza ya moto.